Acheni Kuwaketisha Wazee

Kuna maneno yanayosemwa kwa mapenzi katika nyumba zetu, bara na pwani: "Mama, wewe keti, sisi tupo." Ndoo inapokonywa mkononi mwake. Ufagio unapokonywa. Akiinuka kufuata chumvi jikoni, wajukuu wawili wanapigana vikumbo mlangoni kumrudisha. Mtoto aliyepata kazi nzuri mjini anamnunulia makochi ya kuzama, anambadilishia choo cha kuchuchumaa kuwa cha kukaa, anamwekea msichana wa kazi, na mtaa mzima unakiri kwamba huyu ndiye mtoto. Miaka miwili baadaye mama hanyanyuki kwenye kochi lile mpaka avutwe mikono yote miwili, na mtaa uleule unatikisa kichwa: ndio uzee tena, tutafanyaje.

Mimi nabisha. Sehemu kubwa ya udhaifu tunaousingizia umri imetengenezwa sebuleni, na walioutengeneza ni watoto wema wasiojua wanachokifanya. Uzee upo, sitaukana, na nitafika kwenye sehemu yake. Lakini tumeutwika mzigo usio wake.

Rai inayotawala ni nyepesi kuieleza. Nguvu ni za ujana. Mwili wa mzee umechakaa, na kilichochakaa hutunzwa kwa kutotumiwa. Mgonjwa alale, mzee aketi, na anayemwacha mama yake wa miaka 75 abebe kitu hana haya. Rai hii haiko kwa watu wasiosoma tu. Utaikuta wodini, utaikuta kwenye vikao vya ukoo, utaikuta hata kwa vijana wanaoshinda jimu wakinyanyua vyuma na kuvijua kwa majina misuli yao yote, kisha wakirudi nyumbani wanamkataza baba yao asisogeze kiti. Ingekuwa na mantiki kama msuli ungekuwa kitu kisicho na uhai, kinacholika kila kinapoguswa. Basi na tuutazame msuli wenyewe.

Chukua kitendo cha kuinuka kitini. Nakichagua hicho kwa kuwa ndicho kinachoamua kama mtu ataishi kwa hiari yake au kwa hiari ya wengine: asiyeweza kuinuka haendi chooni, haendi mlangoni, haendi popote. Kazi kubwa hapo hufanywa na msuli wa mbele ya paja, wenye vichwa vinne vinavyoungana juu ya goti, ukisaidiwa na misuli ya makalio. Simama buchani utazame mnofu unavyokatwa, utaona nyuzi zikielekea upande mmoja, zimefungwa mafungumafungu kwa utando mweupe. Ya kwetu imeumbwa hivyohivyo. Kila uzi ni seli moja hai, nyembamba kama unywele, lakini yenye urefu unaoweza kufika sentimita nyingi na yenye viini vingi mahali pa kimoja. Ndani ya seli hiyo mna nyuzi nyingine ndogo zaidi, na hizo zimeundwa kwa vipande vifupi vilivyopangwa mstari, kimoja nyuma ya kingine. Wataalamu huviita sakomea. Kimoja kina urefu wa kama mikroni mbili na nusu, kwa hiyo katika sentimita moja vimo takriban 4,000 mfululizo.

Humo ndimo nguvu inamozaliwa. Kila sakomea ina nyuzi nene za protini iitwayo miosini na nyembamba za protini iitwayo aktini, nazo zimepishana. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba msuli ukikaza, protini zake hujikunja zikawa fupi. Mwaka 1954 jarida la Nature lilitoa katika toleo moja makala mbili, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, ya pili ya Hugh Huxley na Jean Hanson, zilizoonyesha kwamba nyuzi zenyewe hazifupiki hata kidogo. Huteleza tu zikaingiana. (Hao akina Huxley wawili wamefanana majina, si ndugu.) Aliyewahi kuwaona wavuvi wakivuta juya ufukweni ameshaelewa. Kamba haipungui urefu, bali mikono inashika, inavuta, inaachia, inashika mbele zaidi. Miosini ina vichwa vidogo vinavyofanya hivyohivyo juu ya aktini, na kila kichwa hutumia molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ili kiachie na kujiandaa kushika tena. ATP ikiisha kabisa, vichwa hubaki vimeng'ang'ania, ndiyo maana maiti hukakamaa saa chache baada ya roho kutoka.

Amri ya kuvuta huletwa na neva. Mshituko wa umeme unapofika kwenye uzi wa msuli, kalsiamu humwagika kutoka vifukoni mwake ndani ya seli. Kuna protini nyembamba iliyokuwa imeziba mahali pa kushikia juu ya aktini; kalsiamu inaisogeza, vichwa vinashika, goti linanyooka. Kalsiamu ikirudishwa vifukoni, msuli unalegea. Huo ndio utaratibu wa bondia wa miaka 20, na ndio huohuo wa bibi wa miaka 90. Hakuna aktini ya vijana na aktini ya wazee.

Sasa niambieni ni kipande gani katika mtambo huo kinachohifadhiwa kwa kuachwa kimya. Hakuna. Protini za msuli huvunjwa na kujengwa upya usiku na mchana katika umri wowote. Kinachoamua kama ujenzi utaushinda uvunjaji ni mzigo ambao msuli unabebeshwa, pamoja na chakula kinachoingia tumboni. Ukiuondoa mzigo, mwili hauweki akiba kwa ajili ya kesho. Msuli ni tishu ghali kuilisha, na isiyotumika hupunguzwa bila huruma.

Na hupunguzwa upesi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliripoti walichokiona kwa wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10. Hawakuwa na homa, hawakufanyiwa upasuaji, walikula chakula chao. Miguuni walipoteza karibu kilo moja ya nyama. Mzee anayelazwa kwa malaria au kichomi, akaambiwa asishuke kitandani, akaletewa kila kitu mpaka kinywani, hupitia hayohayo juu ya ugonjwa wenyewe. Akirudi nyumbani anayumba, na sisi tunasema ugonjwa umemmaliza. Pengine ugonjwa ulimwacha. Kilichommaliza ni kitanda.

Hapa ndipo ninapojibiwa kwamba haya ni ya mtu wa miaka 60 na kitu, bado ana damu mwilini; mzee wa 90 unamwinulisha nini? Jibu lipo tangu mwaka 1990, na linanishangaza kwamba hata leo halijafika vijiweni kwetu. Huko Boston, katika makao ya wazee, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua watu 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Hawakuwa wazee wa kuonyeshwa kwenye televisheni. Walikuwa dhaifu, wenye maradhi ya kudumu, wakaazi wa makao. Kwa wiki 8, mara tatu kwa wiki, waliinua uzito kwa kunyoosha goti, na uzito haukuwa wa mzaha: ulifikia asilimia 80 ya kiwango cha juu ambacho kila mmoja aliweza kuinua mara moja. Mmoja hakumaliza. Waliobaki waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliachana na mikongojo. Walipoacha mazoezi, ndani ya wiki nne waliporomoka tena kwa karibu theluthi ya nguvu zao.

Zingatia jambo moja katika matokeo hayo. Nguvu ziliongezeka kwa asilimia 174, lakini nyama ya paja iliongezeka kwa asilimia 9 tu. Hiyo tofauti kubwa ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye neva. Msuli uliosahauliwa haupungui nyama tu. Ubongo na uti wa mgongo nao husahau kuuamuru sawasawa, nyuzi nyingi hazipewi amri, nyingine hupewa bila mpangilio. Mazoezi ya wiki za mwanzo huzirudisha kazini nyuzi zilizokuwapo. Maana yake ni kwamba bibi yako anayevutwa mikono huenda ana nguvu nyingi zaidi ya anazozionyesha, zimelala humohumo mwake, na kila unapomvuta unazihakikishia kwamba hazihitajiki.

Niliahidi kuupa uzee haki yake. Mwaka 1988 Jan Lexell na wenzake nchini Sweden walichapisha hesabu iliyohitaji uvumilivu wa ajabu: walichukua msuli mzima wa upande wa nje wa paja kutoka kwa wanaume waliokuwa wamefariki, wa umri kuanzia miaka 15 hadi 83, wakaukata vipande na kupima. Upungufu huanza mapema, karibu na miaka 25, unakwenda taratibu, kisha unakaza mwendo. Kufikia miaka 80 karibu asilimia 40 ya msuli imekwisha. Neva zinazoutawala msuli nazo hufa moja baada ya nyingine. Nyuzi zilizoachwa bila neva huweza kupata tawi kutoka neva ya jirani zikaendelea kuishi, zisipopata hunyauka. Hakuna zoezi linalofufua neva iliyokufa. Anayewauzia wazee dawa au mashine ya kurudisha ujana ni tapeli, na simo katika biashara hiyo. Ninachosema ni kwamba kilichobaki, hata kikiwa asilimia 60, kinaweza kuwa imara au kinaweza kuwa uji, na uamuzi huo hauko kwenye cheti cha kuzaliwa.

Wapo wanaokubaliana nami nusu. "Baba yangu hakai tu," wanasema, "kila jioni anatembea mpaka msikitini na kurudi." Vizuri, asiache, kwa moyo wake na kwa kukutana na wenzake. Lakini matembezi ya taratibu hayatoshi, na sababu iko ndani ya mpangilio wa neva zilezile. Kila neva ya mwendo inayotoka uti wa mgongo hujigawa matawi na kumiliki nyuzi zake, nyingine chache, nyingine mamia kwa mamia. Mwaka 1965 Elwood Henneman wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba neva hizi huamshwa kwa zamu isiyobadilika ovyo: ndogo kwanza, kubwa mwisho, na zile kubwa haziitwi mpaka kazi iwe nzito au ya haraka kweli. Ndogo zinatawala nyuzi za polepole, zisizochoka upesi. Kubwa zinatawala nyuzi za kasi, zenye nguvu za ghafla.

Kwa hiyo mzee anayetembea pole pole amezitumia zile ndogo. Kubwa hazikuitwa leo, wala jana, wala mwaka jana. Na ni hizohizo nyuzi za kasi ambazo umri huzipunguza kuliko nyingine. Kisha usiku mmoja anajikwaa kwenye kizingiti. Kujiokoa kunahitaji mguu wa pili utoke mbele na kuubeba uzito wa mwili wote ndani ya sehemu ya sekunde, na nyuzi za polepole haziwezi kazi hiyo. Anaanguka. Nyonga inavunjika. Tunasema mifupa ya wazee ni dhaifu, na ni kweli, lakini mfupa ulivunjika kwa sababu mwili ulianguka, na mwili ulianguka kwa sababu msuli haukuwahi. Aliyewahi kumuuguza mzee aliyevunjika nyonga katika mji usio na daktari wa mifupa anajua kwamba pale ndipo mambo mengi huishia.

Niseme kidogo kuhusu kukaa kwenyewe, maana si kukaa kote ni kumoja. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, hapa Tanzania. Tulizoea kudhani wawindaji na waokota matunda hawapumziki. Kumbe wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, hawana tofauti kubwa na mtu wa ofisini Ulaya. Tofauti iko kwenye mikao. Wao huchuchumaa na hupiga magoti, na vifaa vilivyofungwa miguuni vilionyesha kwamba katika mikao hiyo misuli ya miguu hufanya kazi zaidi kuliko mtu anapokuwa kwenye kiti. Sisemi turudi porini, na maisha ya Wahadzabe yana shida zake ambazo mtafiti wa kupita hazimpati. Nasema bibi zetu walikuwa na mikao hiyohiyo mpaka juzi: kukoka moto, kuchambua mchele juu ya mkeka, kukuna nazi juu ya mbuzi, kwenda chooni. Kila mkao wa chini ulidai kuinuka, mara kumi, mara ishirini kwa siku, kutoka ardhini. Jiko la gesi la mezani ni neema, sitaki mtu avute moshi. Lakini tulipoondoa moshi tuliondoa na zoezi, bila kuweka kitu mahali pake.

Katika sala ni vilevile. Faradhi za siku zina rakaa 17, na nyingi kati yake zinamtaka mtu atoke kwenye sijida asimame wima. Anayeshindwa ana ruhusa ya kiti, hilo la fiqhi nawaachia wenyewe na si langu kuligusa. Langu ni kuhusu yule ambaye bado anaweza, ila mwanawe ametangulia kumwekea kiti kwa sababu kumwona baba akijishika goti wakati wa kuinuka kunamuuma. Kujishika goti si msiba, kijana. Ni msuli uko kazini.

Hoja ya kwamba "amefanya kazi maisha yake yote, sasa imetosha" ndiyo ninayoiheshimu zaidi, maana inatoka kwenye deni la kweli. Mama aliyelima kwa jembe la mkono miaka 50, akabeba maji na kuni, akatusomesha, ana haki ya kutolima. Mvue jembe, nakubali. Kazi ya kulazimishwa na njaa, juani, mgongo umepinda kutwa, haikuwa mazoezi. Ilikuwa mateso, na viungo vyake vinalijua hilo. Lakini msuli haukumbuki ulichokibeba mwaka 1985. Unakumbuka wiki chache zilizopita. Kumtoa mtu kwenye kazi ya kuchosha na kumwingiza kwenye kutofanya kitu chochote si kumpumzisha. Ni kumtoa kwenye ncha moja na kumtupa kwenye ncha ya pili. Na tuna kinaya chetu: mgeni siku ya tatu tunampa jembe, mzazi tunampokonya hata kijiko.

Tena tuwe wakweli kuhusu kinachotusukuma. Sikiliza mazungumzo ya bombani.

"Shikamoo bibi. Lete hiyo ndoo."

"Marahaba. Ni nusu tu hii mwanangu, niache nijikaze."

"Aa, bibi, watu watatusema."

Ndiyo hiyo. Bibi hakulalamika. Hakuyumba. Ndoo ilikuwa nusu na alikuwa anaiweza. Alichopokonywa amepokonywa kwa ajili ya macho ya jirani, na heshima iliyolindwa pale ilikuwa ya mjukuu. Tumefika mahali ambapo mzazi dhaifu aliyeketi barazani ni ushahidi wa watoto waliofanikiwa, na mzazi mwenye nguvu anayebeba ndoo yake ni fedheha ya ukoo. Siwezi kuona heshima katika jambo hilo.

Kuhusu presha na magoti, kwa kuwa najua barua zitakuja. Mtu mwenye maumivu ya kifua, mwenye presha iliyopanda na haijadhibitiwa, aliyetoka kufanyiwa upasuaji au aliyevunjika mfupa karibuni, aanze kwa daktari, wala asinisikilize mimi. Kwa wengine wote, na ndio wengi, presha iliyodhibitiwa si sababu ya kukaa. Kinachopandisha presha ghafla wakati wa kuinua kitu ni kubana pumzi. Mwambie mzee atoe pumzi wakati wa kuinuka, ahesabu kwa sauti kama anapenda, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Magoti yanayosaga vilevile. Kuimarisha msuli wa paja ni sehemu ya matibabu ya goti lililolika gegedu, si kitu cha kuogopwa. Maumivu kidogo yanayotulia ni ya kawaida. Goti likivimba au maumivu yakadumu mpaka kesho yake, punguza. Hata sukari inaingia humu: msuli ni mlaji mkubwa wa glukosi mwilini, na unapokaza huinyonya kutoka kwenye damu bila kuisubiri insulini.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu. Chukua kiti cha mbao kisichozama, kiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae, avuke mikono kifuani, asimame. Kisha akae tena pole pole, akihesabu mpaka nne, bila kujitupa. Kule kushuka ndiko kunakojenga sana, na watu wengi hukuharibu. Wataalamu wa Ulaya waliokaa kuufafanua ugonjwa wa kunyauka misuli walikubaliana, katika waraka wao wa 2019, kwamba anayechukua zaidi ya sekunde 15 kusimama na kukaa mara tano ana dalili ya udhaifu. Mpime. Asiyeweza bila mikono aanze na kiti kirefu zaidi, au aongezewe mto mgumu wa kukalia, na kila baada ya muda kiti kishushwe. Mara nane mpaka kumi, apumzike, arudie, siku mbili au tatu kwa wiki. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: mbili za mwisho lazima ziwe ngumu. Zikishakuwa rahisi, ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu, baadaye mfuko wa unga wa kilo mbili. Zoezi lisilopanda ni yale matembezi ya pole pole kwa jina lingine. Ashike fremu ya mlango apande juu ya vidole vya miguu na kushuka. Abebe ndoo yake nusu.

Chakula nacho kitazamwe. Asubuhi uji, mchana ugali na mchuzi mwepesi "kwa kuwa meno hana", jioni chai na mkate: huyo mtu analishwa wanga kutwa. Mzee anahitaji protini kama gramu moja hadi moja na robo hivi kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, zaidi ya anachohitaji kijana wa uzito uleule. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Maharage, mayai, dagaa waliosagwa, samaki, maziwa mgando, vigawanywe katika milo yote visirundikwe kwenye mmoja. Lakini chakula peke yake hakitoshi. Akina Fiatarone walirudia kazi yao mwaka 1994 kwa wakaazi 100 wa makao yaleyale, wastani wa miaka 87. Waliofanya mazoezi waliongeza nguvu kwa zaidi ya mara mbili. Waliopewa kinywaji cha lishe tu, bila mazoezi, hawakupata nguvu. Wale mnaotuma makopo ya maziwa ya unga kutoka Muscat na Minneapolis mlisikie hilo. Pesa hiyo haikosi baraka, lakini kopo haliwezi kumsimamisha mtu.

Najua yatakayofuata. Mtasema ni rahisi kuandika, ila siku mama akianguka akifanya hayo mazoezi nitakuwa wapi. Swali la haki. Basi na mimi niulize: aliyeanguka kwa sababu miguu iliachwa inyauke miaka mitano, anayelaumiwa ni nani? Hakuna anayelaumiwa, kwa kuwa alikuwa ameketi, na aliyeketi ametunzwa. Hiyo hesabu ya upande mmoja ndiyo iliyotufikisha hapa. Hatari ya kusimama tunaiona kwa macho. Hatari ya kukaa inajificha ndani ya paja, uzi baada ya uzi, na ikitoka nje tunaiita kudra.

Mwisho wa mwezi ukienda nyumbani, usimvute mama mkono. Simama karibu yake, tayari kumdaka, mwachie ainuke mwenyewe hata ikichukua dakika. Mgonjwa wako akilazwa, muulize muuguzi siku ya kwanza ni lini anaruhusiwa kushuka kitandani, na ukijibiwa "atulie tu", uliza tena. Na msichana wa kazi ukimwajiri, mpe orodha ya kazi zisizomhusu: kumfuatia bibi maji ya kunywa, kumwanikia kanga zake, kumwinua kitini. Hizo ni za bibi.